Rangi Baada ya Dawa

Katika saluni moja karibu na soko la Bariadi, rangi za nywele zimewekwa rafu ya juu kabisa, mahali ambapo hata fundi mwenyewe hupanda kigoda ndipo azifikie. Shampuu, kondishina, mafuta ya mgando na makopo ya dawa ya kulainisha yako chini, karibu na mkono. Mteja akiingia na kunyoosha kidole juu, "Dada, nipake ile pale," fundi hahangaiki kuangalia kidole kimeelekea wapi. Anavuta kiti hadi mlangoni penye mwanga wa jua, anamkalisha mteja na kumfungua kitambaa cha kichwani.

Kupaka rangi kwenyewe hakumalizi saa moja. Kuamua kama nywele zenye dawa zipakwe rangi au zisipakwe humchukua fundi huyu siku mbili kwa uchache, na wapo aliowaambia wasubiri miezi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi niliyoitazama pale haikuwa na rangi ndani yake.

Ulikuwa msimu wa watu kujipamba. Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha Bariadi, Maswa na Meatu zilizotoka Shinyanga na Busega iliyomegwa Mwanza, unaishi kwa pamba. Ununuzi unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, hela huanza kutembea, na sendofu, harusi na vipaimara hufuatana hadi watu wanapomiminika Nyakabindi kwa maonyesho ya Nane Nane. Miezi hiyo benchi la saluni halikauki. Kila anayekaa pale ana picha kwenye simu.

Mwalimu kijana wa shule ya msingi alikuwa na picha ya mwimbaji mwenye nywele za dhahabu. Sendofu yake ilikuwa imebakiza wiki tatu. Kama wanafunzi wengi wa shule za serikali, alinyoa kichwa miaka yote ya masomo. Nywele alizokuwa nazo alizianza kuzifuga alipotoka shule, na hazikukaa sana kabla ya kuonja dawa. Sasa zilifika mabegani, nyeusi, zimelala vizuri. Kwa macho yangu zilikuwa nywele zisizo na tatizo lolote.

Fundi alianza na maswali. "Mara ya mwisho uliweka dawa lini, mdogo wangu?"

"Miezi miwili hivi, dada."

Fundi hakusema kitu. Alichukua kitana cha mkia, akachana mstari utosini, akainama. Karibu na ngozi nywele huota zikiwa za asili, za kipilipili, na mahali zinapokutana na zile zilizolainishwa pana mpaka unaoonekana kwa jicho lililozoea. Nywele huota takriban sentimita moja na robo kwa mwezi. Maoteo ya mwalimu hayakufika hata sentimita moja. Fundi aliweka ukucha kwenye mpaka, akamwonyesha kwa kioo cha mkononi. "Hii haijafika mwezi. Uliritachi nyumbani?" Mwalimu akacheka kwa aibu. Alifanyiwa na mwenzake wanayepanga naye nyumba, Jumamosi moja jioni, na wakapaka kuanzia shinani hadi nchani ili boksi lisibaki.

Swali la pili lilihusu hilo boksi. Lilikuwa na kopo moja tu, au kopo la krimu na kichupa cha maji ya kuchanganya? Swali dogo, ila linatenga dawa za namna mbili. Dawa ya kopo moja kwa kawaida ni ya sodiamu haidroksaidi, alikali ileile iitwayo kostiki soda, ya kutengenezea sabuni, kwa kipimo cha nywele. Ile ya kuchanganya ina kalsiamu haidroksaidi kwenye krimu na guanidini kabonati kwenye kichupa; vikikutana huzaa guanidini haidroksaidi. Ya pili haiumi sana kichwani, ndiyo maana watu wanaipenda kwa matumizi ya nyumbani, lakini huacha ukoko wa kalsiamu juu ya nywele, na ukoko huo huzifanya zikauke, zipoteze mng'aro, na baadaye zipokee rangi kwa mabaka. Na kama mteja aliwahi kuwekewa kalikiti, ile ya kukunja nywele iliyotamba miaka ya themanini na tisini, fundi anataka kujua, kwa sababu dawa ya kalikiti ni ya ukoo mwingine kabisa. Ikikutana na haidroksaidi kwenye unywele mmoja, nywele hukatika palepale kwenye beseni.

Ili kuelewa kwa nini anauliza yote hayo, lazima kujua dawa inafanya nini. Unywele ni protini iitwayo keratini, na kinachoushika usiachie mkunjo wake ni vifungo vya salfa, chembe mbili mbili zilizoshikana kutoka mwanzo wa unywele hadi mwisho. Dawa ya kulainisha ina pH kati ya 12 na 14, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5. Ukali huo huvimbisha unywele, huinua magamba yake ya nje, huingia ndani na kuvunja vile vifungo. Palipokuwa na chembe mbili za salfa hubaki moja. Kifungo kipya hakirudi kuwa cha zamani, hata mtu afanye tritimenti kila Jumamosi. Rangi ya kudumu nayo inataka kupita njia ileile. Amonia huinua magamba kwa mara nyingine, peroksaidi huchubua weusi wa asili na papo hapo huunganisha chembe ndogo za rangi hadi zinakuwa kubwa, zinanasa ndani. Blichi yenyewe haiweki kitu. Inatoa tu.

Fani hizi mbili zina umri. Mkemia wa Kifaransa Eugène Schueller alitengeneza rangi yake mwaka 1907, na kampuni yake ndiyo iliyokuja kuitwa L'Oréal. George E. Johnson alianza kuuza dawa yake ya kunyoosha nywele huko Chicago mwaka 1954. Sidhani kama kati yao yupo aliyewaza kwamba kazi zao zingekutana siku moja kwenye kichwa cha mwalimu wa Bariadi anayewahi sendofu, na kwamba wa kuzisuluhisha angekuwa mwanamke mwenye kitana cha mkia.

Baada ya maswali ikaja ngozi. Fundi aligawa kichwa kwa mafungu, akabana kila fungu, kisha akapita mstari kwa mstari akitafuta vidonda, mba mzito, au sehemu iliyoungua dawa na bado haijafunga. Nyuma ya sikio la kushoto alikuta kijikovu chekundu kinachopona. Alikigusa kwa nyuma ya kidole, akauliza kama kinawasha. Hapo pekee palitosha kusema leo hakuna rangi, na alisema hivyo, kwa sauti ileile aliyouliza nayo maswali.

Kisha akaosha. Maji anayoletewa kwa madumu yana chumvi, na povu lake huja kwa kubembelezwa. Kwa hiyo hutumia shampuu ya kusafisha kwa kina kuondoa mafuta, jeli na ule ukoko wa kalsiamu, mara mbili, akisugua kwa ncha za vidole bila kucha. Suuza ya mwisho aliifanya kwa maji ya mvua aliyokinga masika na kuyahifadhi kwenye pipa lenye mfuniko nyuma ya duka. Wasaidizi wake wawili, mabinti wanaojifunza, wanajua kwamba pipa lile haliguswi kwa kudekia.

Nywele safi na mbichi ndizo anazopenda kuzisoma. Alitenga unywele mmoja, akaushika kati ya kidole gumba na cha shahada, akauteleza kutoka nchani kuelekea shinani. Ukiteleza bila kukwaruza, magamba yamelala. Ukikwaruza, yamesimama, na nywele za namna hiyo hunywa rangi upesi mno na kuitapika upesi vilevile. Wapo wanaopima jambo hili kwa kutumbukiza unywele kwenye glasi ya maji na kungoja kuona kama utazama. Fundi huyu hakiamini kipimo hicho. Mafuta kidogo tu, anasema, huufanya unywele uliooza uelee. Nadhani yuko sahihi. Vidole vyake vilikuta kitu ambacho glasi isingekiona: katikati ya urefu nywele za mwalimu zilikuwa laini, lakini sentimita tano za mwisho zilikuwa na mkwaruzo kama wa mchanga.

Halafu akavuta. Hapo ndipo nilipousogeza mgongo wangu kutoka ukutani. Fundi huyu alizaliwa Itilima kwenye nyumba ya wakulima, na mtoto wa mkulima wa pamba hujifunza mapema kuitenga pamba safi na pamba fifi kwa vidole, kabla macho hayajamaliza kutazama. Aliushika unywele mbichi pande mbili na kuuvuta polepole hadi ukakaza, akaulegeza, akaangalia. Unywele wenye afya, ukiwa na maji, unaweza kurefuka karibu nusu ya urefu wake kisha ukarudi. Wenye dawa hautegemewi kufika huko. Anachotaka ni urudi. Ukirefuka ukabaki umelegea, protini imechoka. Ukikatika bila kurefuka, umekauka hadi ndani.

Hakuvuta mmoja. Alivuta wa utosini, wa kisogoni, wa juu ya kila sikio, na wa mbele kabisa kwenye paji la uso, ambako rasta na vibanio vya miaka mingi humaliza nywele kabla ya kemikali yoyote. Wa utosini ulirudi. Wa kisogoni ulirudi. Wa mbele ulikatika kwenye mpaka, palepale nywele mpya zinapokutana na za zamani. Alimpa mwalimu kile kipande kwenye kiganja bila maelezo marefu. "Unaona ulipokatikia?" Nywele za dawa hukatikia hapo zaidi ya popote, na kila boksi linalopakwa juu ya nywele zilizokwisha kupakwa hupadhoofisha zaidi.

Wakati huo aliingia mama mmoja wa makamo, mkulima kutoka upande wa Dutwa, mwanawe anaoa. Wale mabinti wawili wanaojifunza walipiga goti kidogo. "Shikamoo mama." "Marahaba, wanangu." Yeye hakutaka dhahabu wala makuu, alitaka kanta, mvi zifichwe kabla wageni hawajafika. Nywele zake nazo zilikuwa na dawa. Alipoulizwa kama amewahi kupaka kitu kingine, alisema amekuwa akipaka unga mweusi alionunua mnadani, kwenye karatasi isiyo na maandishi, muuzaji akiuita hina.

Fundi akasimama. Hina halisi ni majani yaliyosagwa na rangi yake ni ya udongo mwekundu. Unga unaotia weusi kwa mara moja una kitu kingine ndani. Mara nyingi kitu hicho ni PPD, kemikali ileile iliyomo kwenye piko wanayochorwa maharusi wa pwani na kwenye rangi nyingi nyeusi za boksi. Kwenye rangi za Ulaya sheria hairuhusu izidi asilimia 2 inapofika kichwani, lakini kwenye unga wa mnadani hakuna aliyepima. Mwili ukishaikataa mara moja kwenye mkono, huweza kuikataa vibaya zaidi kichwani, uso ukavimba hadi macho yakafunga. Mara nyingine kitu hicho ni chumvi za madini, za risasi au za shaba, na hizo zikikutana na peroksaidi huzalisha joto hadi unywele ukaungua.

Kwa hiyo alikata kishungi chembamba nyuma ya kichwa cha mama, mahali pasipoonekana, akakifunga kwa uzi mweupe. Kwenye kibakuli cha plastiki, kwa kuwa cha chuma hakifai kwa kazi hii, akapima vijiko viwili vya mezani vya peroksaidi ya voliumu 20 na matone 20 ya amonia, akikohoa kidogo na kugeuza uso. Akatumbukiza kishungi, akaandika saa kwenye daftari, akaendelea na mwalimu. Nusu saa ndiyo kipimo. Haikufika. Baada ya muda mfupi aliweka kiganja chini ya kibakuli na kumwita mmoja wa mabinti aguse. Kilikuwa na joto, na harufu iliyotoka haikuwa ya amonia peke yake.

"Mama, hizi zisiguswe na rangi yoyote ya kuchanganya. Tutakuwa tunazikata kidogo kidogo hadi ziishe."

"Na arusi, mwanangu?"

"Kwa arusi nitakufunga kilemba, bure."

Mama aliguna, akautazama ule unga mweusi uliobaki kwenye mkoba wake, akasema basi wageni watamwona na mvi zake, si ndiye aliyezeeka kwa kumlea bwana harusi. Akakaa hata hivyo, akanywa soda, akasubiri aone ya mwalimu yataishaje.

Ya mwalimu yalihitaji kishungi pia, tena viwili. Kimoja fundi alikipaka blichi aliyoikoroga na peroksaidi ya voliumu 20. Namba hizo zina maana yake: voliumu 10 ni asilimia 3 ya peroksaidi, 20 ni asilimia 6, 30 ni 9, 40 ni 12, na kwenye nywele za dawa fundi huyu havuki 20 hata kwa kishungi cha majaribio. Cha pili alikipaka rangi ya damu ya mzee isiyo na amonia, iliyochanganywa na voliumu 10. Akavifunika kwa nailoni. Kila dakika tano alifunua, akapangusa kipande kidogo kwa pamba yenye maji, akaangalia, akafunika.

Kishungi cha blichi kilipita kahawia, kikawa cha rangi ya kutu, kisha cha chungwa. Dhahabu ya kwenye simu bado ilikuwa mbali. Alikiosha, akampa mwalimu. "Vuta mwenyewe." Mwalimu akavuta. Kishungi kikarefuka, kikaendelea kurefuka, kikabaki kirefu kimelegea, halafu kikaachia mkononi mwake. Hapakuwa na mjadala tena. Kile cha damu ya mzee alikivuta naye, kikakaza, kikarudi.

Nimewaona mafundi wanaomshawishi mteja kwa maneno mengi, na wengine wanaompa anachotaka ili asiende kwa jirani. Huyu alimwachia kishungi kiseme. Lakini hakuficha upungufu wa alichokuwa akimpa. Rangi isiyochubua, alimweleza, haiwezi kung'arisha nywele nyeusi. Ndani ya ukumbi watu wataona weusi wenye joto kidogo, na wekundu utajitokeza juani tu, au kwenye taa kali ya mpiga picha. Akitaka dhahabu kweli, aisuke kwenye rasta au avae wigi, vitu ambavyo vinaweza kuunguzwa bila kuumiza kichwa cha mtu. Mwalimu alifikiri kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akachagua damu ya mzee.

Hata hivyo hakupakwa siku hiyo. Maboksi mengi ya rangi huagiza zipite angalau wiki mbili baada ya dawa. Wiki mbili zilikuwa zimepita, lakini kijikovu cha nyuma ya sikio kilikuwa bado. Fundi alipaka tone la rangi kwenye mkunjo wa ndani wa kiwiko cha mwalimu, akamwambia asiloshe na akae nalo saa 48. Pakiwasha, pakiwa pekundu au pakivimba, asirudi kwa rangi. Akampangia kuja kwa tritimenti ya protini wiki ile na ya unyevu wiki inayofuata, bila pasi ya nywele kati yake. Kwenye daftari aliandika tarehe, aina ya dawa, urefu wa maoteo, na mahali palipokatika. Kwenye mstari wa mwisho alibandika kile kishungi kizima kwa selotepu.

Siku ya rangi ilianza bila kuosha, kwa sababu mafuta ya asili ya siku mbili hukinga ngozi. Fundi alizungusha mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikioni na shingoni, akatandika taulo jeusi, akavaa glovu. Akagawa kichwa mafungu manne kwa kitana cha mkia, mstari kutoka pua hadi kisogoni na mwingine kutoka sikio hadi sikio. Alichanganya nusu tu ya rangi. Iliyokwisha kuchanganywa huanza kufanya kazi ndani ya bakuli, na fungu la mwisho lisingepata nguvu sawa na la kwanza.

Alianza kisogoni, ambako nywele ni ngumu kushika rangi, akipaka kwa brashi juu ya vipande vyembamba hadi mwanga ukapita. Brashi haikugusa ngozi. Ilikwenda kutoka karibu na shina hadi katikati, ikasimama. Zile sentimita tano za mwisho, zilizokwaruza vidoleni siku ya kwanza, alizipaka kondishina, akaziacha. Kama angepaka zote kwa pamoja, ncha zingekunywa zaidi na kutoka nyeusi kuliko kichwa kizima. Alizirudia dakika kumi za mwisho, kwa rangi aliyoizimua. Mbele, kwenye paji la uso, hakupaka kabisa. "Hapo nitakulaza nywele za nyuma zipafunike," alisema, na mwalimu hakuuliza kwa nini. Alishakiona kile kipande kiganjani.

Umeme ulikatika katikati ya kazi. Binti mmoja aliguna, kwa kuwa draya ingehitajika baadaye, lakini fundi alikuwa amepanga kusubiri bila joto la mashine. Saa ya ukutani inatumia betri. Kila dakika tano, pamba yenye maji, kipande kilekile, mlangoni kwenye jua. Mara ya mwisho alikilinganisha na kishungi kilichobandikwa daftarini, akasema, "Twende."

Alisuuza kwa maji ya vuguvugu hadi maji yakatoka meupe, kisha kwa yale ya pipa, kisha akapaka kondishina yenye asidi kidogo ili magamba yalale. Hakukamua nywele kwa taulo. Alizibana kwa viganja. Zilichanwa kwa kitana chenye meno mapana, kuanzia nchani kupanda juu, zikafungwa kwenye rola, na mwalimu akakaa nje na rola zake kichwani zikikauka kwa upepo, akisahihisha madaftari ya watoto magotini.

Umeme uliporudi hapakuwa na haja ya draya ila dakika chache, kwa moto mdogo. Rola zilipofunguliwa ndani, nywele zilionekana nyeusi. Fundi alimtoa mlangoni, na hapo wekundu ukaja, hasa aliposogeza kichwa. Mwalimu alijipiga picha nyingi. Sakafuni, chini ya kiti, palikuwa na nywele chache sana, na fundi aliziokota akaziangalia ncha zake kabla ya kuzitupa: zilikuwa na mizizi, maana yake zilitoka zenyewe, hazikukatika.

Kilichobaki kilikuwa maagizo. Ritachi ijayo isiwe kabla ya wiki kumi, na ikiwezekana kumi na mbili. Fundi ana sababu mbili za kurefusha hivyo. Moja ni ule mpaka dhaifu. Nyingine aliisoma kwenye simu: watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani walichapisha mwaka 2022 matokeo kwamba wanawake waliotumia dawa za kunyoosha nywele zaidi ya mara nne kwa mwaka walikuwa katika hatari zaidi ya mara mbili ya kupata kansa ya mfuko wa uzazi kuliko wasiotumia, ilhali rangi za nywele hazikuonyesha uhusiano huo. Hapigi kelele kwa wateja kuhusu jambo hilo. Anawapunguzia tu mara za kurudi, ingawa kila ritachi ni hela yake.

Na siku ya ritachi yenyewe, dawa iguse maoteo peke yake. Nywele zilizopakwa rangi zikingwe kwa kondishina nzito kabla kopo halijafunguliwa. Iwe dawa kwanza, rangi wiki mbili baadaye, isiwe siku moja hata kama kuna harusi ya dada yake.

"Na nikitaka kusuka, dada?"

"Suka, lakini nyuma tu. Za mbele ziache hadi Desemba."

Mwalimu akahesabu miezi kwa vidole, akalipa, akaomba aandikiwe kwenye karatasi jina la ile shampuu ya kusafisha. Mama wa Dutwa, aliyekuwa amerudi kupimwa kilemba, akauliza kama hiyo shampuu inaweza kutoa unga wa mnadani. Fundi akasema haiwezi, akachukua mkasi, akaanza na ncha.